Mabati Chini, Mawingu Juu

— Ukiligusa tena hili bati nakuvunja vidole.

— Vunja, Bi Cherehani. Lakini kwanza nionyeshe jina lako liko wapi.

— Lilikuwa hapa. Hapa pembeni. Limenyeshewa.

— Jina limenyeshewa! Basi na langu limenyeshewa, na lilikuwa papo hapo pembeni.

— Meneja, mimi mabati yangu nayajua kama ninavyozijua nguo zangu.

— Basi livae, tuone kama linakutosha.

Nilikuwa napuliza jiko, sikuinua kichwa. Bi Cherehani, fundi wa nguo, alikuwa ameshika ncha moja ya bati, na Meneja ameshika ncha ya pili. Meneja hajawahi kuwa meneja wa kitu chochote tunachokijua. Anaitwa hivyo kwa sababu anapenda kupanga watu. Kijiwe chetu ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali mbele ya kontena la kinyozi, na mwisho wa ubao ndipo ninapokaa na jiko na birika nililoachiwa na baba. Shule niliiacha mwaka aliofariki, maana nyumbani ilibidi mtu mmoja ashike birika. Nyuma ya ubao kuna uwanja mdogo, na uwanjani hapo yalilala mabati ya mtaa mzima, yamekandamizwa kwa matairi mabovu na viroba vya mchanga. Hakuna upepo ulioyaleta pale. Tuliyaleta wenyewe.

Runinga ilikuwa imesema kimbunga kinachokuja hakijawahi kuonekana. Ilisema asubuhi, ikasema mchana, ikasema jioni, na ramani nyekundu na muziki wa kutisha. Fundi, yule anayeezeka nyumba zetu zote, akapita mlango kwa mlango akisema bati likiruka ni panga, bora tuezue sisi kabla upepo haujaezua. Watu wakakubali. Akaandika kwenye kila bati jina la mwenyewe, tena kwa chaki, kwa sababu chaki ndiyo anayoandikia vipimo vyake siku zote. Hakuna hata mmoja wetu, mimi nikiwemo, aliyekumbuka kwamba kimbunga huja na mvua.

Kisha kimbunga kikaja, na hakikuwa kimbunga. Kilikuwa upepo wa kuangusha nguo kambani, na mvua ndefu isiyo na haraka. Shule ya kilimani tulikokimbilia ikatutoa kulipokucha. Mlinzi akafunga madarasa, akasema hatari imekwisha, rudini kwenu. Tukarudi kwenye nyumba zilizosimama vichwa wazi, na mabati ambayo chaki yote imeoshwa.

Na nyumbani kwetu dada yangu alikuwa amekaa kitandani na mtoto ambaye hata kitovu hakijadondoka. Tulimfungia nailoni juu ya kitanda, nayo ilikuwa inajaa maji katikati na kushuka kama tumbo, tunaisukuma kwa ufagio maji yamwagike pembeni. Kwa majirani kote hakuna paa. Ningempeleka kwa kinyozi, lakini kontena lilijaa moshi wa jenereta aliyoiwasha watu wachaji simu. Redio ya Bi Cherehani ilikuwa imetangaza kwamba mvua kubwa zaidi inarudi mchana. Kwa hiyo asubuhi ile nilikuwa na haja moja tu, Fundi ainuke.

Fundi alikuwa amekaa katikati ya ubao, mfuko wa misumari magotini, anapiga funda dogo dogo kama mtu anayekunywa dawa.

— Fundi, nilipita kwako tulipotoka shuleni, mama watoto akasema umeshatoka.

— Nipo hapa, mwanangu.

— Mtoto yuko chini ya nailoni.

— Najua.

— Sasa?

— Sasa nikuezekee kwa bati la nani? Waulize hao. Nikikuwekea bati la Meneja, jioni naitwa mwizi. Nikikuwekea la Bi Cherehani, naitwa mwizi kabla ya jioni.

— Utaitwa hata sasa hivi, Bi Cherehani akasema bila kuachia ncha yake. Cherehani yangu imelala majini. Nguo za watu za harusi zimetoa rangi, nyekundu imehamia kwenye nyeupe. Nani alinigongea mlango akasema ezua, mama, ezua?

— Ni mimi, alisema Fundi.

— Basi kaa kimya unywe kahawa.

Mlango wa kontena ukafunguka, moshi ukatangulia kutoka, kisha akatoka kinyozi mwenyewe na mashine ya kunyolea mkononi. Tunamwita Satelaiti kwa sababu ndani ya kontena ana runinga, na wiki nzima ile ndiye aliyekuwa anatuonyesha kimbunga kilipofika, kwa kuchora kwenye visogo vya wateja.

— Nyie mnagombania mabati, mnaacha kuuliza la maana. Kimbunga kimekwenda wapi?

— Kimekufa, alisema Meneja.

— Kitu kikubwa vile kinakufaje bila kuacha maiti? Mimi nilikiona kwenye picha. Kilikuwa na jicho! Kilikuwa kinatuangalia sisi, mtaa huu huu.

— Kilituangalia kikaona hakuna cha kuchukua.

— Cheka, Meneja. Mimi nakwambia kimepita. Ila kimepita juu. Kule zinakopita ndege. Sisi huku chini tumepata jasho lake tu.

— Jasho la kimbunga ndilo limelowesha cherehani yangu? aliuliza Bi Cherehani.

— Sasa jiulize, kingeshuka!

— Hakuna kilichopita, alisema Meneja, akaachia bati ili apate mikono miwili ya kuongelea. Hebu nisikilizeni. Nini kilikuwa kinatangazwa katikati ya habari? Turubai. Habari kidogo, turubai. Ramani, turubai. Tochi, betri, turubai. Wale watu walikuwa na ghala la turubai limejaa mpaka mlangoni. Ikabidi watafute upepo wa kuziuzia.

— Na upepo wakautoa wapi?

— Si lazima uwepo. Wewe uliuona?

— Niliona yule kijana wa runinga amesimama, kofia ngumu kichwani, anapiga kelele, amejikunja kama anasukumwa.

— Ehee! Na nyuma yake?

Satelaiti akapangusa mashine yake kwenye shati. Tulikuwa tumeona wote. Nyuma ya yule kijana kulikuwa na shuka la mtu limeanikwa kwenye kamba, nalo halikutikisika hata kidogo.

— Labda lilikuwa shuka zito, alisema Satelaiti.

Watu wakacheka, hata Fundi alitabasamu kidogo ndani ya kikombe. Mimi sikuweza. Nilikuwa naangalia mbingu upande wa pili wa barabara. Ilikuwa imeanza kuwa na rangi ya sufuria iliyoungua, na upepo uliokuwa unapeperusha majivu ya jiko langu ulikuwa umekatika ghafla, majivu yanapanda wima.

— Redio inasema mvua inarudi, nikawaambia.

— Redio! Bi Cherehani alisonya. Redio ilisema hata ngome ya mawe itaanguka, na kibanda cha kuku cha jirani yangu kimesimama. Hata kuku hawakushtuka. Leo iseme mvua, nami nivute bati? Mimi sisogei hapa mpaka nijue langu ni lipi.

— Mimi naanza kuona, alisema Satelaiti huku akichora hewani kwa mashine yake. Kimekatwa. Kiliingiliwa huko huko baharini kikakatwa vipande viwili. Cha mbele wakakilegeza, ndicho kilichotupata sisi. Cha nyuma kimelala, kinangoja tuezeke upya.

— Kinangoja tuezeke? Kwa nini?

— Kwa sababu kimbunga hakina faida na nyumba isiyo na paa. Kinatua wapi?

— Satelaiti, moshi wa hilo kontena unakula ubongo wako.

— Wewe cheka. Hawa watu wana mitambo siku hizi. Wanaweza kukikodisha kwa nchi nyingine kikiwa njiani. Kilikuwa chetu, wakatokea wenye shida nacho zaidi, kikageuzwa.

— Nani ana shida na kimbunga?

— Mwenye ghala la turubai, akajibu Satelaiti kwa ushindi, na Meneja akaona nadharia yake mwenyewe imerudi ikiwa imevaa nguo nyingine.

Nikammiminia Fundi kahawa, nikachuchumaa karibu yake ili wengine wasisikie.

— Fundi, niambie kweli. Hutaki kwa sababu ya majina, au una jambo lingine?

Aliuzungusha msumari vidoleni, ule wenye kofia ya mpira.

— Naogopa, mwanangu.

— Unaogopa mvua?

— Naogopa kuyarudisha mabati juu. Mwaka ule mwingine, wewe ulikuwa hujazaliwa, redio ilisema upepo wa kawaida. Kawaida! Nikala, nikalala. Bati la jirani likaja limelala hivi, likaingia dirishani, likamkuta mama watoto kitandani. Umemwona mkono wake.

Nimemwona. Wote tumemwona, mkono wake wa kushoto unaishia kwenye kiwiko, na anasonga ugali kwa kubana sufuria kwa miguu. Sikujua kwamba ni bati.

— Sasa wamesema kikubwa, kimekuja kidogo. Wakisema kidogo, kinakuja nini? Leo wanasema mvua. Nikiezeka kwenu, ikawa siyo mvua, bati hilo likashuka na mtoto yuko chini?

Kama ningeendelea na shule labda ningekuwa na jibu, ingawa sidhani. Nilichojua ni kwamba nailoni ile haitavumilia mvua nyingine.

Wakati huo gari jeupe likasimama mbele ya kijiwe, matope yakaruka hadi kwenye jiko langu. Akashuka kijana mmoja, koti la mvua la njano jipya kabisa, kamera begani. Akatazama nyumba za mtaa wetu, moja baada ya nyingine, kuta bila kofia, mbao za paa zimebaki juu kama mbavu za samaki aliyeliwa. Macho yakamng'aa. Naapa niliona yaking'aa.

— Jamani! Poleni! Poleni sana, ndugu zangu! Nimezunguka tangu asubuhi sijaona kitu. Kila mahali nyumba nzima, miti imesimama, watu wanafua. Kumbe kilipiga hapa!

Satelaiti alimsogelea, akamwinamia usoni.

— Wewe si ndiye yule wa shuka?

— Shuka gani?

— Basi. Endelea.

Kijana akainua kamera, akaielekeza kwa Meneja aliyekuwa amesimama mbele zaidi.

— Mzee wangu, tueleze. Upepo uling'oa mapaa haya saa ngapi?

Nilisikia jenereta peke yake. Bi Cherehani alimtazama Meneja, Meneja akamtazama Fundi, Fundi akatazama misumari yake.

— Kwani... kwani ukishapiga picha, alianza Meneja taratibu, zinaonwa na nani?

— Na nchi nzima. Mchana naingia mubashara. Na kamati ya misaada inanifuata nyuma. Wao wanaenda ninakoonyesha mimi. Wana lori la mabati mapya, wamekosa pa kuyashusha.

Niliona neno mabati mapya likiwapita mmoja baada ya mwingine. Bi Cherehani aliachia ncha ya lile bati bovu alilotaka kuvunjia mtu vidole, likaanguka kwa kishindo.

— Alfajiri, alisema Meneja.

— Kabla ya alfajiri, alisema Bi Cherehani kwa wakati ule ule.

— Kulikuwa na mlio, aliongeza Satelaiti. Kama treni. Na jicho. Jicho lilipita hapa juu ya kontena likasimama kidogo.

— Likasimama! kijana alirudia kwa furaha. Na mlikuwa ndani?

— Ndani kabisa, alisema Meneja.

— Tulikuwa shuleni, alisema Bi Cherehani.

— Wengine ndani, wengine shuleni, Meneja akapanga.

Kijana alikuwa anazungusha kamera, akafika uwanjani, akasimama. Akaishusha kidogo. Hakuwa na ubaya wowote usoni, aliuliza kama mtoto anavyouliza.

— Na haya matairi juu ya mabati, nani aliyaweka?

Satelaiti aliwasha mashine yake ya kunyolea, akaizima. Nilitaka sana mtu mmoja aseme, hata Fundi, lakini Fundi alikuwa ameinama kana kwamba swali lile lilikuwa limeanguka chini na yeye analitafuta.

Kijana alitungoja, kisha akainua mabega.

— Haidhuru. Nitapiga kutokea upande ule, hayataonekana. Ila naombeni kitu kimoja: msiguse chochote mpaka niingie hewani. Mkianza kuezeka, sina habari.

— Hakuna atakayegusa, alisema Meneja, na sasa alikuwa meneja kweli. Mmesikia? Mtu asishike bati. Mpaka mchana. Mpaka kamati ione.

— Mchana mvua imeshafika, nikasema.

— Mwanangu, vumilia. Ni kwa ajili ya wote. Utapata mabati mapya yanayong'aa, yasiyo na tundu hata moja.

— Mtoto ana siku chache.

— Mleteni kwenye kontena.

— Kuna moshi.

— Basi nitazima jenereta, alisema Satelaiti, kisha akamgeukia kijana. Ila betri ya kamera yako utachajia wapi?

Kijana akasita. Satelaiti hakuzima.

Radi ikalia mbali, nzito, kama mtu anaburuta kabati ghorofani. Nikalitazama birika. Kahawa ilikuwa zaidi ya nusu. Nikaliondoa jikoni, nikamwaga maji juu ya makaa, yakalia shiii, na kila kichwa kikageuka.

— Ebo! Unafanya nini?

— Kahawa imeisha.

— Imeisha wapi, birika linacheza!

— Imeisha, Meneja.

Nikawanyang'anya vikombe, hata kile ambacho Satelaiti alikuwa hajakimaliza. Nikaenda uwanjani. Nikaviringisha tairi moja, zito na limejaa maji ya mvua, likanimwagikia miguuni. Nikaondoa la pili. Nikashika bati la juu, sikuangalia ni jipya au la zamani, nikalivuta. Mtu mmoja hawezi kubeba bati refu. Linayumba, linakupeleka linakotaka lenyewe. Hatua chache tu na lilishanigeuza likaninyoosha kuelekea barabarani.

— Hilo ni langu! Bi Cherehani alipiga kelele. Nimeliona tundu lake! Hilo ni langu kabisa!

— Sawa, mama, ni lako.

— Unalipeleka wapi?

— Kwa dada.

Alinijia kwa kasi, nikajua sasa napigwa. Akashika ncha ya nyuma. Nikangoja avute kuelekea kwake. Hakuvuta.

— Unangoja nini? Twende. Bati langu haliendi mahali bila mimi kujua linalala wapi.

Meneja akatukinga njiani, mikono ameitandaza.

— Bi Cherehani! Mkiezeka hata nyumba moja mnatuharibia wote! Kamati itauliza mbona ile ina paa!

— Waambie upepo ulilirudisha.

— Sifanyi mzaha! Kuna watu mtaa huu hawana kitu, wanangoja lile lori. Utawaambia nini?

Hapo alisema kweli, na ndiyo maana nilisimama. Nawajua watu hao. Wengine hunywa kahawa kwangu na kuniambia kesho. Lakini tone la kwanza likanipiga kwenye mkono, kubwa kama kifungo cha koti, likafuatiwa na jingine kwenye bati, ting.

— Meneja, toka njiani.

Alikuwa Fundi. Alikuwa amesimama, mfuko wa misumari kiunoni, nyundo mkononi. Hakupaza sauti. Mtu mwenye nyundo hahitaji.

— Wewe ndiye uliyesema tuezue! Meneja alimfokea. Na sasa wewe ndiye unayeezeka! Tukuamini ipi?

— Usiniamini, alisema Fundi. Hata mimi sijiamini. Nitapiga misumari mara mbili ya kawaida. Kama kitakuja kitu, kije kinikute nimepiga mara mbili. Toka.

Meneja hakutoka, alisogea nusu hatua tu, tukampita kwa ubavu, bati likamkwaruza shati.

Tulikwenda karibu tunakimbia, mimi mbele, Bi Cherehani nyuma ananiamrisha kulia, kushoto, angalia mtaro, wewe mtoto unatembea kama bata. Fundi akafuata na bati jingine, fupi, kichwani. Upepo ulikuwa umerudi. Haukuwa wa kimbunga, lakini mtu aliyebeba bati hajali unaitwaje. Kila ulipovuma nilihisi linataka kupanda, na nikaelewa mikononi mwangu kile Fundi anachokiogopa.

Kwetu ngazi ilikuwa bado imeegemea ukuta, pale pale ilipoachwa siku ya kuezua. Fundi alipanda. Tukamsukumia bati, akalivuta juu ya mbao, upande wa kitanda kwanza. Akapiga msumari. Akapiga mwingine kando yake. Matope chini ya ngazi yalikuwa laini, mguu mmoja wa ngazi ukaanza kuzama na Fundi akainama nayo.

— Shikeni ngazi!

— Tushike kwa mikono gani? Bi Cherehani alijibu. Tukiachia hili bati la pili linaondoka na wewe!

Ilikuwa kweli. Tulikuwa tumelishikilia mabegani, sote wawili, linapigapiga kama bawa. Nikaita dada kwa jina, nikaona haya kumwita mzazi wa siku chache aje mvuani, nikaita tena.

Aliyekuja mbio ni yule kijana wa koti la njano. Nikashukuru moyoni. Lakini hakuja kwenye ngazi. Alisimama mbele ya mlango wetu, akaikaza kamera juu ya stendi yake, akashika kipaza sauti, akajikunja kidogo kama anasukumwa.

— Ndugu watazamaji, niko mbele ya nyumba ambayo kimbunga hakikuihurumia! Kama mnavyoona, upepo bado ni mkali mno, na wakazi wanapambana kuokoa kidogo kilichobaki...

Mlango ukafunguka nyuma yake. Dada alikuwa amesimama kizingitini, kanga kichwani, mtoto amefungwa kifuani na analia kwa sauti ile nyembamba. Maji yalikuwa yanamtiririka usoni. Nailoni ilikuwa imepasuka. Nyuma ya kamera, barabarani, niliwaona Meneja na Satelaiti wamefika, wamesimama mvuani wanasikiliza dada atasema nini.

Kijana akageuka, akampelekea kipaza sauti mdomoni.

— Mama, pole sana. Tueleze watazamaji wasikie. Kimbunga kililing'oaje paa lako?

Dada alitazama kamera. Akatazama juu, Fundi ananing'inia kwa mkono mmoja. Akamfungua mtoto kifuani.

— Kimbunga hakijafika hapa, kaka. Paa tulilishusha wenyewe. Haya, weka hicho chini unishikie mtoto, nikamshikie fundi ngazi.